Jinsi ya Kuiandaa Timu ya Wodi ya Wazazi Kumwokoa Mama Anayetokwa Damu Nyingi

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache, na mara nyingi dawa za kumwokoa zimo ndani ya jengo lile lile alimolala. Kinachokosekana ni mpangilio. Damu haikupimwa, kwa hiyo hakuna aliyetambua mapema kwamba imezidi. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, ilikuwamo kwenye friji ambayo ufunguo wake umekwenda nyumbani na mtu wa zamu iliyopita. Mkunga alimpigia daktari simu, lakini maelezo yake hayakumwonyesha daktari kwamba anatakiwa kuja sasa hivi. Na mhudumu aliyekuwa karibu alisimama akitazama kwa sababu hajawahi kuambiwa kazi yake ni ipi wakati kama huo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya waganga wafawidhi, wauguzi viongozi na wakunga wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, na unaeleza namna ya kuziba mianya hiyo kwa kupanga kazi, vifaa na mawasiliano kabla dharura haijatokea. Haufundishi tiba yenyewe, kwani dozi na hatua za matibabu zimo katika miongozo ya Wizara ya Afya.

Tanzania imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hata hivyo, kutokwa damu kumebaki miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo, na hapa ndipo mpangilio mzuri wa kazi unapozaa matunda ya haraka kuliko karibu jambo jingine lolote. Ushahidi upo. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuwahusisha akina mama zaidi ya 210,000. Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wake wa kawaida. Nusu nyingine zilipima damu kwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita na kutoa matibabu yote ya mwanzo kwa pamoja, bila kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Akina mama waliopatwa na madhara makubwa, yaani kupoteza damu ya lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufariki kwa kutokwa damu, walikuwa asilimia 4.3 katika hospitali za utaratibu wa kawaida na asilimia 1.6 katika zile za utaratibu mpya. Hakuna hata dawa moja katika mpango huo iliyokuwa ngeni kwa wakunga. Kilichobadilika ni nani anafanya nini, lini, na kwa kuongozwa na kipimo gani.

Anzeni na kipimo

Katika utafiti huo huo, hospitali zilizokadiria damu kwa macho ziligundua takribani nusu tu ya akina mama waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi, ilhali zile zilizopima ziligundua zaidi ya tisa kati ya kila kumi. Timu iwe hodari kiasi gani, haiwezi kumsaidia mama ambaye haijajua kwamba yumo hatarini, kwa hiyo juhudi zote za ushirikiano zinaanzia hapa. Macho hudanganywa na shuka, na godoro, na maji ya uzazi yaliyochanganyika na damu, na zaidi ya yote hudanganywa na mazoea, kwa kuwa mkunga aliyeona damu nyingi kila siku huanza kuiona ya kawaida.

Kama mifuko yenye alama inapatikana, iwekwe chini ya kila mama mara tu mtoto anapozaliwa, si kwa yule anayeonekana kuwa na shida pekee. Isipopatikana, pimeni uzito wa pedi na vitambaa vilivyolowa, mtoe uzito wa vile vikavu, na kila gramu moja ihesabiwe kuwa mililita moja hivi. Mzani mdogo wa kawaida unatosha. Wazo la kutumia kilichopo si geni kwetu. Mkoani Kigoma, watafiti waliwahi kuwafundisha wakunga wa jadi kutumia kanga kama kipimo, na mama aliyelowesha kanga mbili alihesabiwa kuwa amekwisha kupoteza damu ya hatari. Naitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba ukosefu wa kifaa cha kisasa hauzuii kuwa na mpaka ulio wazi ambao kila mtu anaufahamu.

Katika saa ya kwanza, kila baada ya dakika 15, mkunga asome kiasi cha damu, ashike mfuko wa uzazi kuona kama umekaza, apime mapigo ya moyo na presha, kisha aandike. Mpaka uliotumika katika E-MOTIVE ulikuwa mililita 500, au mililita 300 ikiwa kuna dalili nyingine ya hatari, kama presha kushuka au mapigo kwenda mbio. Uandikeni mpaka wenu ukutani, mbele ya kitanda cha kujifungulia. Halafu fanyeni jambo ambalo vituo vingi hulisahau: mganga mfawidhi atie saini maelekezo yanayosema kwamba damu ikifika mpaka huo, mkunga aliyepo anaanza matibabu yote ya mwanzo mara moja, yaani kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini, asidi ya traneksamiki (dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke), dripu, na kutafuta damu inatoka wapi, bila kungoja ruhusa ya mtu mwingine. Ruhusa hiyo iliyotolewa mapema ndiyo inayookoa zile dakika ambazo mkunga angezitumia kujiuliza kama atagombezwa. Katika asidi ya traneksamiki hasa, kuchelewa kuna gharama inayojulikana: utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliowahusisha akina mama 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo vya kutokwa damu ikitolewa ndani ya saa tatu.

Sanduku moja, na ufunguo wake

Vifaa vya dharura hiyo vikae katika sanduku moja lenye rangi isiyofanana na kingine chochote wodini. Ndani yake muwe na kanula kubwa za namba 16 na 18, seti za dripu na chupa za maji yake, mabomba ya sindano, plasta iliyokwisha kukatwa, asidi ya traneksamiki, mizoprostoli (nayo hukaza mfuko wa uzazi), katheta ya mkojo na mfuko wake, glovu ndefu, na chupa ndogo za kuchukulia damu ya maabara zikiwa zimekwisha kuambatanishwa na fomu ya kuombea damu. Oksitosini haikai humo, kwa sababu inahitaji ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiachwa mezani siku nyingi hupoteza nguvu ingawa kwa macho haionekani kubadilika. Juu ya kifuniko bandikeni karatasi inayosema friji iko wapi na ufunguo wake unaning'inia wapi, na mahali penyewe pawe ndani ya leba, si mfukoni mwa mtu yeyote, awe na cheo gani.

Mtu wa zamu ya asubuhi akague sanduku na kulifunga kwa utepe. Utepe ukikutwa umekatika, maana yake sanduku limetumika na lazima lijazwe kabla ya jambo jingine. Wale waliopitia mafunzo ya 5S, yaani hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambayo kwa Tanzania yalianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kuenea katika hospitali nyingine za rufaa na za mikoa, watautambua utaratibu huu: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa maoni yangu hatua inayowashinda wengi ni ya mwisho. Kabati hupangwa vizuri wiki ya ukaguzi, na baada ya mwezi mmoja gundi ya lebo imebanduka na vitu vimerudi vilikokuwa. Dawa ya hilo ni kumpa mtu mmoja anayejulikana jukumu hilo kwa kila zamu, jina lake likiwa limeandikwa kwenye ratiba, kwani kazi iliyoachiwa wodi nzima haina mwenyewe.

Gawaneni kazi kwa nafasi

Miongozo mingi huchora timu ya watu sita wakimzunguka mama, ilhali katika kituo cha afya usiku wa manane wapo mkunga mmoja, mhudumu mmoja na mlinzi getini. Pangeni kwa watu mlio nao kweli. Mkunga abaki na mama na mikono yake isiondoke tumboni. Mhudumu, akisikia kengele au filimbi ya dharura, alete sanduku na oksitosini, kisha apige simu kwa orodha iliyobandikwa. Mlinzi afungue geti, amwamshe dereva na kumtafuta ndugu wa mgonjwa aliyelala nje. Mhudumu na mlinzi ni sehemu ya timu na wahudhurie mazoezi kama wengine. Kuwaacha nje kwa sababu hawana cheti ni kuipunguza timu ndogo iwe ndogo zaidi.

Watu wakiwa wanne au zaidi, gawaneni nafasi nne: anayeongoza, anayeshughulikia mfuko wa uzazi, anayetoa dawa na dripu, na anayeandika. Anayeongoza ajitaje kwa sauti, "Ninaongoza mimi," hata kama kila mtu anaona kwamba ndiye mwenye cheo kikubwa, kwa sababu daktari anapoingia katikati ya shughuli ni lazima ijulikane kama ameichukua kazi ya kuongoza au amekuja kusaidia. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inawataka wote waliomo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi kabla ya kisu kugusa ngozi. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusema tena pale anapoona kosa.

Kila agizo lirudiwe na aliyepewa, na likishatekelezwa litangazwe. Anayeongoza anasema, "Sista, mchome mama oksitosini uniti kumi." Sista anajibu, "Oksitosini uniti kumi, naichoma sasa," na akimaliza, "Oksitosini imeingia." Mwandishi anaandika dawa na saa. Pasipo kurudia hivyo, dawa moja hutolewa mara mbili na watu wawili, au haitolewi kabisa kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kuitoa.

Kuhusu kuandika saa, muwe na kanuni moja isiyovunjwa: kwenye faili itumike saa ya mfumo wa 24. Tunazungumza kwa saa za Kiswahili, na hakuna ubaya wowote, lakini "saa 2" iliyoandikwa na mkunga wa usiku inaweza kusomwa na daktari wa asubuhi kuwa saa nane usiku au saa mbili usiku, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ya saa sita ambayo kwa mama huyu ni kubwa mno. Andikeni 02:10 au 20:10, utata utakwisha.

Namna ya kumwita daktari

Simu ya dharura iwe na mambo manne, kwa mpangilio huu: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, na unachoomba. Mfumo huo ulitoka katika jeshi la majini la Marekani ukaingia hospitalini, na sifa yake ni kwamba unamlazimisha anayepiga simu amalize kwa ombi lililo wazi. Linganisheni simu mbili. Ya kwanza inasema, "Shikamoo dokta, samahani kwa usumbufu, kuna mama huku amejifungua, anatoka damu kidogo, presha nayo si nzuri sana, sijui utasemaje." Ya pili inasema, "Shikamoo dokta, ni mkunga wa leba. Nina mama anatokwa damu, imefika mililita 700 na bado inatoka, presha 85 kwa 50, mapigo 124. Amejifungua dakika 25 zilizopita, uzazi wa tano, kondo la nyuma limetoka lote. Naona mfuko wa uzazi haukazi. Nimempa oksitosini na traneksamiki, dripu mbili zinakwenda. Naomba uje leba sasa, na niruhusu niagize damu chupa mbili." Heshima haikupungua katika simu ya pili. Salamu imebaki, kilichoondolewa ni radhi na kigugumizi, na daktari hana nafasi ya kuelewa vibaya.

Karatasi yenye maneno hayo manne ibandikwe ukutani juu ya simu. Chini yake iwepo orodha ya watu watatu wa kupigiwa kwa kufuatana, pamoja na kanuni kwamba asipopokea wa kwanza, anapigiwa wa pili papo hapo bila kuhesabiwa kuwa amerukwa.

Wajibu wa daktari ni mzito vilevile. Anayejibu simu ya saa tisa usiku kwa kufoka, "Kwa hiyo umeniamshia hilo tu?" amemfundisha mkunga huyo asubiri wakati mwingine, na gharama ya kusubiri huko italipwa na mama mwingine kabisa. Mganga mfawidhi atangaze mbele ya wafanyakazi wote kwamba hakuna atakayeulizwa kwa nini ameita msaada, na kwamba simu iliyopigwa kwa hofu ambayo baadaye imeonekana haikuhitajika itajibiwa kwa "ahsante kwa kuniita". Kisha yeye mwenyewe awe wa kwanza kulitimiza, maana wafanyakazi humtazama mkubwa anavyofanya kabla ya kuamini anachosema.

Makabidhiano ya zamu nayo yafanyike kitandani, si mezani kwa kusoma kitabu cha ripoti pekee. Anayeondoka na anayeingia wamsimamie kila mama aliye katika hatari, wasome damu pamoja na kuushika mfuko wa uzazi pamoja. Si kazi ya muda mrefu, na mama mwenyewe husikia habari zake na mara nyingine husahihisha.

Mazoezi mafupi, mara kwa mara, wodini

Hapa ndipo ningependa viongozi waweke nguvu na fedha zao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitoa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Wahudumu walifanya vizuri katika majaribio ya mafunzoni, lakini huduma kwa watoto wenyewe haikubadilika. Baadaye walianzisha mazoezi ya dakika chache tu kila wiki, ndani ya leba yenyewe, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikapungua kwa theluthi moja hivi. Njia hiyo ya mazoezi ya mara kwa mara ilikuja kupanuliwa hadi hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na kujumuisha pia dharura ya mama kutokwa damu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikishuka kwa takribani robo tatu. Semina ya wiki nzima hotelini ina faida zake, lakini haifanyi kazi hii.

Chagueni siku moja katika wiki na wakati ambao zamu mbili hukutana. Mkunga mmoja alale kitandani awe mama, chupa ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu imwagwe kwenye mfuko wa kupimia, na mkunga wa zamu aite msaada kama angefanya kweli kweli. Mwingine ashike saa na kuandika muda tangu neno "Msaada!" hadi dawa ya kwanza iwe tayari kuchomwa. Sanduku lifunguliwe lile lile, ufunguo utolewe pale pale, simu ipigwe kwa mtu yule yule, kwa kuwa zoezi linalofanyika kwa vifaa vya darasani halitafichua kwamba betri ya tochi imekwisha au kwamba namba ya daktari wa pili imebadilika. Mara baada ya zoezi, wote wakiwa bado wamesimama, anayeongoza aulize nini kimekwenda vizuri, nini kimetuchelewesha, na nani atakirekebisha kabla ya wiki ijayo. Mdogo kwa cheo azungumze kwanza, kwani mkubwa akishatoa maoni yake wengi hukubaliana naye na kunyamaza.

Mfumo unapovuka ukuta wa wodi

Timu ya leba haiwezi peke yake. Kaeni na maabara mkubaliane damu iliyopo itaombwaje usiku na itachukua muda gani kufika kitandani, na idadi ya chupa zilizopo iandikwe kila asubuhi ubaoni leba, ili mkunga ajue kabla ya kuhitaji. Kwa kituo kisichofanya upasuaji, uamuzi wa kutoa rufaa uanze damu inapovuka mpaka, si matibabu yanaposhindwa. Namba ya bure ya 115 ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaotumia magari ya wagonjwa na, pale yasipopatikana, madereva wa jamii waliosajiliwa, iwemo katika orodha ile ile ya ukutani. Anayempeleka mama apige simu hospitali inayompokea kwa mpangilio ule ule wa mambo manne, na aende na karatasi yenye saa na dozi za dawa zote.

Mama akifariki, au akiponea chupuchupu, kikao cha mapitio kitafute chanzo kilichojificha nyuma ya tendo la mtu. Ukiandika kwamba mkunga alichelewa kutoa oksitosini, umeishia njiani. Ulizeni kwa nini alichelewa: friji ilikuwa imefungwa; kwa nini imefungwa: dawa ziliwahi kupotea; kwa nini kufuli ndiyo ilichaguliwa: hapakuwa na daftari la kuhesabia dawa kila zamu. Sasa mna jambo la kufanya, nalo lipewe jina la mtu na tarehe, na kikao kinachofuata kianze kwa kusoma kama limetekelezwa. Mkunga aliyekuwapo usiku huo aitwe kama shahidi anayejua zaidi kuliko wote waliokaa mezani, na kabla ya kikao mtu mmoja aketi naye amsikilize, maana naye ameumia.

Mwisho kuna suala la uhamisho. Mratibu hodari huhamishwa, na mara nyingi mazoezi hufa wiki anayoondoka. Tangu mwanzo teueni wawili, mmoja akiwa wa zamu za usiku, na utaratibu wote uingizwe katika siku ya kwanza ya mfanyakazi mpya: kabla hajapangiwa zamu, aonyeshwe sanduku, afungue friji kwa ufunguo ule kwa mkono wake mwenyewe, asome mpaka wa damu ukutani, na apige simu ya majaribio kwa daktari aliye zamu.